Mtumbwi wa turubai wa zamani unauzwa huku Maine, una kilo 46. Ninunue au niuache?

#1 MwanaKigombe
Wadau, habari za siku. Niko Lewiston, Maine, mwaka wa saba sasa. Mzee jirani yangu anahamia kwa binti yake na anaondoa vitu vyote gereji. Juu kwenye mihimili kuna mtumbwi wa mbao uliovikwa turubai, futi 17, rangi ya kijani iliyopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Anataka dola 600.

Nimepanda ngazi na tochi. Ndani ni mwerezi mtupu, rangi ya asali, na ukisogeza pua harufu bado ipo. Mataruma, yaani mbavu zake, ni bapa, membamba, yamepangwa karibukaribu toka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Mbao zimepigiliwa humo kwa vimisumari vya shaba nyeupe ambavyo ncha zake zimekunjwa zikarudi ndani ya mti. Mataruma matatu yamevunjika, yote upande mmoja, pale tumbo linapoanza kupinda. Viti ni vya kusuka, kimoja kimetoboka.

Nimekulia Kigombe, marehemu baba alikuwa na ngalawa. Nataka Agosti niwapeleke wanangu wawili mto Allagash kwa mtumbwi wa mbao, siyo wa plastiki. Ila tulipoupima kwa mizani ya bafuni ulikuja kilo 46. Kote ninakosoma wanasema wa urefu huo huwa kilo 34 hadi 38. Hizo kilo nane na zaidi zimetoka wapi? Na je, ninunue?

#2 Nahodha_Mstaafu
Usilipe hata senti kabla hujauona majini. Chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu hufumuka. Uzamishe siku mbili, mbao zivimbe zibane, halafu ndipo utajua unavuja wapi. Hivyo ndivyo tulivyofanya na madau yetu Mkokotoni.

#3 FundiTezo
Shikamoo Nahodha. Kwa dau uko sahihi kabisa, kwa huu hapana. Dau linazuia maji kwa kalafati, pamba na mafuta kwenye maungio, kwa hiyo ubao ukivimba unabana pamba. Mtumbwi huu hauna kalafati hata chembe. Mbao zake ni milimita 4 tu, zimewekwa ubavu kwa ubavu, na ukitazama toka ndani unaweza kuona mwanga kwenye maungio kama turubai limeondolewa. Kinachozuia maji ni turubai la pamba lililojazwa fila (lipu ya kuziba vitundu vya kitambaa) na kupakwa rangi. Ukiuzamisha siku mbili umeupa mwerezi maji ya kunywa, na kilo zitaongezeka badala ya kupungua.

Mwenye uzi, swali langu ni moja: una uhakika ni turubai? Wengi miaka ya 60 na 70 walibandua turubai wakapaka faiba, yaani nyuzi za kioo na gundi yake. Faiba ni nzito, na mbaya zaidi inafungia unyevu kwenye mbao mpaka zinaoza huku nje panang'aa.

#4 Bint_Pangani
Samahani, mimi nikisikia turubai naona lile la bluu la msibani. Ndilo hilo?

#5 FundiTezo
Hapana dada. Ni kitambaa kizito cha pamba, kile walichotumia bibi na babu kwa matanga na mahema.

#6 Mtu_wa_Uvira
Bandugu, jambo. Mimi niko Portland, saa moja tu kutoka Lewiston. Nimekulia ziwa Tanganyika, pale mutumbwi ni gogo moja. Kilo 46 hizo munalalamika nini? Mutumbwi wa baba yangu watu sita hawakuuinua.

#7 MwanaKigombe
Ndugu yangu wa Uvira, mutumbwi wa baba yako hakuna aliyeubeba porini. Huku safari ni ziwa, halafu unaubeba kichwani kupita nchi kavu mpaka ziwa jingine. Ndiyo maana kilo nane ni hoja.

@FundiTezo, nimerudi kwa mzee. Chini ya ukingo wa juu kuna sehemu rangi imebanduka na nyuzi za kitambaa zinaonekana. Nimegonga kwa kucha, sauti ni butu, siyo ile kali ya faiba. Kwa hiyo turubai lipo.

#8 Mlamu_Peterborough
Salaam toka Ontario. Faiba inaweza kupakwa JUU ya turubai, nimeshaona kwa macho yangu. Chunguza chini kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) kwa kisu, siyo pembeni.

Jambo la pili, tafuta namba. Ingia ndani, omo au tezi, utazame ule mti uliopinda pale mwisho, upande wa sakafuni. Kama ni wa kampuni ya Old Town, utakuta namba imegongwa kwenye mti, kisha nafasi, kisha 17, yaani urefu kwa futi. Rekodi za kiwanda chao zimehifadhiwa na kupigwa picha: mwaka, daraja la mbao, rangi, siku uliyosafirishwa na ulikopelekwa. Chama cha wapenzi wa mitumbwi hii, kilichoanzishwa 1979, hukusaidia kuzipata. Ukiwa ni Chestnut wa Fredericton, Kanada, kiwanda kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 70, basi namba haitakupa historia, rekodi kama hizo hakuna.

#9 KafiMoja
Old Town ndio waliobuni mitumbwi hii, kwa hiyo ukiwa wao chukua haraka.

#10 Mlamu_Peterborough
Hawakubuni wao. Kampuni yao ilianza 1898. Kabla yao, miaka ya 1870, Evan Gerrish wa Bangor alikuwa tayari anauza mitumbwi ya turubai. Na kabla ya wote hao kuna wenyeji wenyewe, Wapenobscot na ndugu zao Wawabanaki, waliotengeneza umbo hilihili kwa magome ya mti. Mji wa Old Town unatazamana na kisiwa cha Wapenobscot katikati ya mto wao, na wengi wao walifanya kazi kwenye karakana hizo. Turubai lilikuja kwa sababu magome makubwa yalianza kuwa adimu na pamba ya viwandani ilikuwa tele. Tuwape haki yao.

Tofauti ya kifundi ni hii. Wa magome walianza na ngozi ya nje, halafu wakasukumia mataruma kwa ndani mpaka gome likakaza. Wa turubai wanaanza na mataruma: yanapikwa kwenye mvuke mpaka yalegee, yanakunjwa juu ya kalibu, mbao zinafuata, nguo mwisho.

#11 FundiTezo
Hapo umenigusa. Mtepe wetu, chombo cha kale cha pwani, ulikuwa kama wale wa magome: mbao zilishonwa kwanza kwa kamba ya nazi, mataruma yakaingia baadaye. Kupika taruma kwenye mvuke sisi hatuna, tunatafuta tawi lililojipinda lenyewe porini.

#12 Mama_Neema_Lewiston
Jamani watoto wanapanda chombo cha mwaka gani hicho? Rangi za zamani zina madini ya risasi, ni sumu. Mwanangu alipimwa damu kwa sababu ya rangi ya nyumba ya kupanga, nikakesha wiki nzima. Usipige msasa mkavu gereji watoto wakiwepo.

#13 FundiTezo
Shangazi ameongea la maana kuliko sote. Siyo rangi tu, hata fila ya zamani ilitengenezwa kwa risasi nyeupe, mafuta ya kitani na unga wa silika. Msasa wa maji, barakoa ya kweli, na vumbi lote likusanywe.

Na hapo ndipo napata jibu la kilo nane: ni rangi. Mtumbwi wa miaka 80 umepakwa kila majira ya kuchipua na kila mwenye nao, koti juu ya koti, bila kukwangua. Zile nyufa kama tope kavu ndizo ushahidi. Rangi nene ndiyo inayopasuka vile.

#14 MwanaKigombe
NAMBA NIMEIPATA. Nilijilaza tumboni ndani ya mtumbwi na mswaki na maji, nikasugua pole pole pale omo. Tarakimu sita, nafasi, 17. Niliituma kwa kile chama alichosema Mlamu, wamenijibu siku ya pili na picha ya kadi yenyewe, mwandiko wa kalamu. Umejengwa 1936, daraja la mbao CS (Common Sense), kijani kibichi, ukasafirishwa Juni mwaka huohuo. Nimeisoma kadi ile mara nne. Mtu fulani aliandika kwa mkono kwamba chombo hiki kimepata koti la mwisho la rangi, na sasa niko nacho mimi.

Nimelipa dola 500. Mzee alipunguza mwenyewe alipojua natokea kwa wavuvi. Wakati tunautoa alishika ukingo akanyamaza muda mrefu, nami nikasubiri.

#15 Bint_Pangani
Hongera kaka! Weka picha ya mzee na mtumbwi kama ataridhia.

#16 Nahodha_Mstaafu
Hongera. Nimekubali kusahihishwa kuhusu kuzamisha. Ila kilo nane bado nasema ni maji. Mbao za 1936 zilizokaa gereji ya nchi ya theluji zimenyonya unyevu. Uanike.

#17 KafiMoja
Mimi nasema nguo mbili. Kuna mtu alivaa turubai jipya juu ya la zamani kwa uvivu. Mafundi wa kochi wanafanya hivyo kila siku.

#18 Mlamu_Peterborough
KafiMoja, wazo lako halijakaa vibaya. Lakini kingo za juu zingekaa vibaya, kwa sababu nguo inaingia chini ya ubao wa nje wa ukingo, na mbili zingeusukuma nje. MwanaKigombe, pitisha kidole hapo utuambie. Pia kuna unene wa nguo yenyewe. Kawaida ni namba 10. Aliyetumia namba 8, ambayo ni nzito zaidi, akaipa fila nyingi, tayari ana kilo kadhaa. Na mkuku wa nje je? Upo mpana au mwembamba?

#19 MwanaKigombe
Mkuku upo, mwembamba, mbao ngumu. Kingo zimekaa sawa isipokuwa karibu na tezi, pamefura kidogo. Nimechunguza chini kwa kisu: rangi, rangi, rangi, kisha kitambaa. Nimehesabu kijani, kahawia, nyekundu, kijani tena, halafu nyeupe ambayo labda ni fila.

#20 FundiTezo
Rangi! Nilisema.

#21 KafiMoja
Pamefura tezi! Nilisema.

#22 Mwl_Shani
Naomba niulize swali la usalama kabla hamjapigana. Mataruma matatu yamevunjika. Huo mtumbwi unafaa Allagash? Nimeipita mwaka juzi na kundi la kanisa kwa mitumbwi ya kukodi, kuna mawe.

#23 FundiTezo
Taruma lililopasuka siyo kuoza. Chukua msumari mwembamba, bonyeza mti. Ukizama bila upinzani, mti umekufa. Anza na ncha za omo na tezi, pale kingo mbili zinapokutana chini ya kile kipande cha pembetatu. Mtumbwi ukilazwa kifudifudi, ncha hizo ndizo zinazogusa ardhi na kunyonya maji. Ncha zikiwa nzima, mataruma matatu ni kazi ya wikiendi mbili: toa, chonga jipya la mwerezi mweupe milimita 8, mvuke, kunja, pigilia huku mwenzako ameshikilia chuma upande wa pili ili ncha ya msumari ijikunje. Kila kitu kwenye chombo hiki kinatoka na kubadilishwa. Plastiki ikipasuka unafanya nini?

#24 Mtu_wa_Uvira
Hiyo chuma nitaishika mimi. Jumamosi niko huru.

#25 MwanaKigombe
Ncha ya omo nzima. Ya tezi msumari umezama sentimita moja hivi, upande wa kushoto. Imeniuma.

#26 FundiTezo
Sentimita moja inaungwa. Usikate tamaa.

#27 Mwl_Shani
Kwa wasioujua, Allagash ni kama kilomita 148, inalindwa na jimbo tangu 1966, na maji yanaelekea kaskazini. Watu wengi huchukua wiki moja hadi siku kumi. Kinachoogopesha siyo mawe, ni upepo wa ziwa Chamberlain. Ziwa ni refu na mawimbi yanasimama ghafla. Sisi tulilivuka saa kumi na moja alfajiri, kufika saa nne upepo ulishaanza na tuliokuwa nyuma tuliwaona wanahangaika, mtoto mmoja analia kabisa. Vaeni majaketi ya kuokolea, siyo kuyakalia. Kwa Maine, mtoto wa miaka kumi kushuka chini ni sheria ayavae.

Mbele kuna maporomoko ya Allagash, mita 12 hivi, pale kila mtu anabeba. Na karibu na ziwa Eagle kuna vichwa viwili vya treni vimesimama msituni, vimeachwa na wakata magogo, miti imeota pembeni yake. Wanao watakumbuka hicho kuliko mtumbwi.

#28 MwanaKigombe
Asante mwalimu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 8. Wote watavaa, na mimi nitavaa.

#29 Bint_Pangani
Nimeona video ya waongozaji wa zamani wa Maine wamesimama ndani ya mtumbwi wanasukuma kwa mti mrefu. Si upondo huo jamani! Babu yangu alikuwa anapandisha mto Pangani hivyohivyo, amesimama wima, kanzu kaifunga kiunoni.

#30 Mlamu_Peterborough
Ni upondo kabisa, na wao huvika ncha kwa chuma ili ishike mawe. Wanapanda nao maporomoko madogo. Na kwa kubeba mizigo kuna mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, sawasawa na akina mama wa Kikuyu wanavyobeba kuni. Kambi za vijana huko Temagami, Ontario, bado wanautumia mpaka leo, pamoja na mitumbwi hii ya turubai, wiki kwa wiki. Kwa hiyo anayesema ni vitu vya makumbusho hajui. Ingawa makumbusho pia yapo, hapa kwetu Peterborough, jengo jipya limefunguliwa 2024.

#31 Nahodha_Mstaafu
Nami niongeze la kale. Kitambaa cha merikani kilichokuwa kinavaliwa na kushonewa matanga pwani kwetu kilitoka hukohuko kaskazini mashariki mwa Marekani. Meli za Salem zilileta nguo Unguja zikarudi na pembe na sandarusi. Mkataba wa Marekani na Sultani ni wa 1833, na balozi mdogo wao, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja 1837. Sandarusi ilikwenda kutengenezewa vanishi. Kwa hiyo kijana wa Kigombe, vanishi ya mtumbwi wako inaweza kuwa utomvu wa kwetu.

#32 Mwl_Shani
Biashara ya Salem na Unguja ni kweli tupu mzee wangu. Lakini ilikuwa kubwa kabla ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861. Mtumbwi ni wa 1936, miaka 75 baadaye.

#33 Nahodha_Mstaafu
Sandarusi haikuacha kuuzwa 1861. Lakini siwezi kuapa.

#34 MwanaKigombe
Wadau, wiki tatu zimepita. Mtumbwi umekaa kifudifudi juu ya stendi za mbao, kivulini, mlango wazi. Nimebadilisha taruma moja, yale mawili tumeyawekea kiraka cha mti kwa ndani kwa ushauri wa fundi mmoja mzee wa hapa. Ndugu wa Uvira alishika chuma, mkono wake haukutikisika hata mara moja. Ncha ya tezi tumeunga kipande kipya kwa gundi. Nimekwangua rangi kwa maji, siyo yote, ile iliyolegea tu. Ndoo karibu nusu ya vipande.

Nimepima upya. Kilo 41.

#35 Nahodha_Mstaafu
Maji.

#36 FundiTezo
Nusu ndoo ya rangi, mzee wangu! Yenye risasi!

#37 KafiMoja
Na bado kuna kilo tatu zaidi ya 38. Nguo ya pili.

#38 Mama_Neema_Lewiston
Na mizani je? Ya bafuni ukisimama na mtumbwi kichwani unayumba, namba inacheza. Ulipima vilevile mara zote mbili?

#39 MwanaKigombe
Shangazi, hapana. Mara ya kwanza nilisimama nao mabegani nikatoa uzito wangu. Safari hii nimepima omo peke yake na tezi peke yake, nikajumlisha. Nakiri njia mbili tofauti.

#40 Mlamu_Peterborough
Basi hakuna anayejua lolote 😀 Ukivua turubai utajua kama ni moja au mawili. Unavua lini?

#41 MwanaKigombe
Siyo mwaka huu. Kuvalisha jipya kunahitaji nguo ikunjwe kama machela, mtumbwi ulazwe ndani, ivutwe pande zote mbili kwa winchi, halafu fila ikae wiki nne mpaka sita ikauke ndipo rangi. Nikianza sasa Agosti inapita. Lililopo limepata koti moja jembamba la rangi na viraka viwili, nguo na gundi. Jana tumeushusha kwenye bwawa la hapa jirani, wanangu na mimi. Nilikaa tezi. Nilipopiga kafi la kwanza nilisikia maji yakipita chini ya mbao nne za milimita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Kigombe, kama mtu anapitisha kiganja kwenye kanga mpya. Mdogo akaniuliza, "Baba mbona hauna kelele?" Dakika arobaini majini, ndani paliingia maji kiasi cha kikombe cha kahawa, upande wa kushoto tezi.

#42 FundiTezo
"Mbao za milimita nne", siyo mbao nne. Rekebisha, mtu atakuja kununua kwa maneno yako.

#43 MwanaKigombe
Sahihi, nilikuwa na furaha. Mbao za milimita 4.

#44 Bint_Pangani
Kikombe cha kahawa upande uleule uliofura. KafiMoja asikie.

#45 KafiMoja
Nimesikia.

#46 Mwl_Shani
Bebeni kipande cha turubai, gundi isiyopita maji na selotepu ngumu ya kijivu. Jiwe likichana nguo, kausha, bandika, mnaendelea. Mnaanzia Chamberlain lini?

#47 MwanaKigombe
Tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja alfajiri tuwe majini. Bado natafuta mtu wa pili wa kubeba pale kwenye maporomoko.

#48 Mtu_wa_Uvira
Nimeshaomba ruhusa kazini. Omo nibebe mimi, wewe beba tezi na hicho kikombe chako cha maji.